Wakristo na Waislamu Tukae Benchi Moja



Tangu habari mbaya za Beni na Ituri zianze kutufikia, kuna maneno yanayopita chini chini katika kambi za wafanyakazi. Watu wanasema: "Angalieni, Waislamu wanatuua." Mwenye kanzu akienda msikitini siku ya Ijumaa, jirani aliyemwomba chumvi jana anageuza uso. Maneno haya ni sumu, na gazeti hili halitayanyamazia.

Kwanza tuseme yaliyotokea. Tarehe 15 ya mwezi wa kwanza 2023, bomu liliwalipukia Wakristo wakisali kanisani Kasindi, karibu na mpaka wa Uganda, wakafa zaidi ya kumi. Waliotenda hayo walijisifu kwa jina la Uislamu. Lakini tarehe 1 ya mwezi wa tano 2021, mjini Beni, Sheikh Ali Amini, aliyekuwa akiwakemea wauaji mbele ya watu, alipigwa risasi ndani ya msikiti, saa ya sala ya jioni. Je, yeye naye alikuwa Mkristo? Mwislamu wa Beni analikimbia panga lile lile analolikimbia Mkristo wa Beni. Anayewatenganisha hawa wawili anamsaidia muuaji.

Basi kwa nini uvumi huu unaota upesi namna hii? Kwa sababu mbegu yake ni ya zamani. Sisi tuliosoma misioni tulifundishwa habari za Waarabu na minyororo. Habari hizo si uongo. Tarehe 15 ya mwezi wa saba 1871, sokoni Nyangwe, watu wa wafanyabiashara waliwapiga bunduki wanawake waliokuja kuuza vyakula. Wengi walikufa, wengine mtoni, na Livingstone aliona kwa macho yake. Hayo hatuyafichi.

Lakini hadithi haikumalizwa. Mwaka 1887, Mfalme Leopold II alimfanya Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, kuwa gavana wake wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Kama jambo lilikuwa dini, mfalme Mkristo alitafuta nini kwa Tippu Tip? Alitafuta faida. Vita vilipoanza mwaka 1892, Gongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip, alipigana upande wa Bula Matari. Mwaka 1893 Bula Matari huyo huyo akamwua. Waarabu wakashindwa, nasi tukaletewa kodi ya mpira, fimbo na mikono iliyokatwa. Wakubwa walipatana kwa faida na kugombana kwa faida. Watoto wa Kongo ndio walioachiwa chuki.

Tena kuna jambo la shule, nalo linatuhusu sisi makarani. Mwaka 1906, Serikali ya Leopold ilipatana na Roma. Misioni zikapewa ardhi na kazi ya kufundisha. Shule za serikali zisizo za dini zilifunguliwa kwa watoto wa Kongo kuanzia mwaka 1954 tu. Miaka karibu hamsini, mzazi Mwislamu wa Kasongo au Kindu alikuwa na njia mbili: kumpeleka mtoto misioni na kuogopa kwamba atabatizwa, ama kumweka nyumbani. Wengi waliwaweka nyumbani. Makarani, wauguzi na walimu wakatoka upande wetu, kisha tukasema Waislamu ni watu wa biashara, hawapendi kusoma! Mimi ninayeandika ni karani wa mgodi, nimesoma sekondari ya misioni, na ninawashukuru walionifundisha. Lakini lazima niseme kweli: benchi waliyokalia wazee wetu, mtoto wa jirani hakuweza kuikalia bila kuogopa.

Na angalieni lugha ya gazeti hili. Kiswahili kilifika Kongo katika vinywa vya Wangwana. Mkristo anaposema sala, imani, dhambi, malaika, baraka, anasema maneno yaliyotoka Kiarabu. Mwislamu naye anaposema Mungu, anasema neno la Waafrika. Mariamu, ambaye Wakatoliki wanamsalimu kila siku, ana sura yenye jina lake katika Korani. Tuliazimana maneno ya kumwomba Mungu, tutashindwa kuazimana chumvi?

Hatusemi dini zichanganywe kama unga wa mahindi na wa muhogo katika bukari. Kila mtu abaki na sala yake. Tunaomba mambo matatu. Ukisikia uvumi juu ya Waislamu au Wakristo, uulize umetoka wapi kabla ya kuupeleka mbele. Wazazi, katika kamati za shule, msikubali mtoto yeyote afukuzwe au ashurutishwe kwa sababu ya dini, iwe shule ya padri, iwe shule ya sheikh. Na jirani akifiwa, nendeni mkakae matanga naye, hata kama hamjui sala zake.

Chini ya mgodi, jiwe likianguka halimwulizi mtu kama amebatizwa. Wanaokimbia kumtoa hawaulizi pia. Yale tunayoyajua chini, tuyafanye na juu.

Uhuru na umoja!