Kisu chembamba cha kukunja: kaa nacho wiki nzima kabla hujakiposti

Leo naongelea kisu cha kukunja, kile chembamba cha mfukoni, maana naona kila anayefungua ukurasa wa biashara lazima akiweke. Picha ni zilezile: kisu cheusi juu ya mawe, moshi kwa nyuma, maandishi "kisu cha komando", elfu tano tu, tunatuma mikoani. Mimi nauza vifaa vidogo vidogo hapa Nachingwea na wateja wangu wengi wa mtandaoni wako Ruangwa. Msimamo wangu ni kwamba kisu hiki ni bidhaa nzuri na kinalipa, ila kama hujakaa nacho mfukoni siku saba ukakifanyia kazi, bei unayoiweka umeibuni tu. Wengine mtanichukia, sawa.

Nianze na uzuri wake. Panga linabaki shamba. Kisu cha jikoni kinabaki jikoni, na ukikitoa mama atakutafuta. Mtu akiwa njiani anatumia meno, funguo, au anaazima wembe. Kijana wa bodaboda anataka kukata mpira wa kufungia mzigo, anaung'ata. Mama anayeuza machungwa stendi anatembea na kisu kilichofungwa kitambaa ndani ya ndoo. Kwa hiyo wembamba una maana yake, kisu kisichochosha mfuko ndicho kitakachokuwepo siku unapokihitaji. Ukiweka kisu kinene mfukoni, siku ya tatu unakiacha juu ya kabati, na hapo hata kingekuwa cha dhahabu hakikati kitu.

Sasa angalia kazi za huku kwetu. Msimu wa korosho ukianza, kuanzia mwezi wa 10 hivi, kuna kamba za katani za kushonea magunia, kuna mabibo ya kutenganisha na korosho zake, kuna mifuko ya kufungua. Wale wanaozalisha miche wanabebesha mikorosho, na kikonyo kinatakiwa kukatwa mara moja kwa bapa jembamba lenye makali, ukikipondaponda hakishiki. Kwenye ufuta na mbaazi ni viroba na kamba tena. Hakuna kazi hata moja hapo inayodai kisu cha komando. Zinadai bapa la sentimita 7 au 8, mpini usioteleza kwenye jasho, na kisu kisichojifunga chenyewe.

Hilo la kujifunga ndilo lililonifanya niandike.

Nilichukua sampuli tatu Kariakoo kabla ya kuagiza mzigo. Kimoja cha bei ya chini kabisa, kimoja cha kati, kimoja cha juu kidogo. Vyote vyembamba, kwenye picha huwezi kuvitofautisha. Vingi vya aina hii vinatumia loki ya kijibati: ndani ya mpini kuna kipande cha bati, kisu kikifunguka kile kipande kinasogea nyuma ya bapa na kulizuia lisirudi. Kiwanda kikitaka kisu kiwe chembamba halafu bei iwe chini, mahali rahisi pa kupunguza ni hapohapo, kwenye unene wa hicho kibati. Mteja hakioni. Anaona ncha na rangi.

Jaribio langu ni hili. Fungua kisu, kishike mpini kwa pembeni ili vidole vyote viwe nje ya njia ya bapa, kisha gonga mgongo wa bapa kwenye ubao. Polepole kwanza, halafu kwa nguvu kidogo. Usigonge kwa upande wa makali, utaharibu kisu na pengine mkono. Kile cha bei ya chini kilifunga pigo la nne. Nikajaribu tena kikiwa na vumbi letu jekundu la Nachingwea kwenye kiungo, kikafunga pigo la kwanza. Sasa fikiria si ubao, ni mzee anasukuma kisu kwenye kamba ya gunia, vidole vinne viko mbele ya makali. Mkulima akikatika kidole mwezi wa 10, nani atamwokotea korosho? Na dawa yenyewe si bandeji peke yake, maana mafuta ya ganda la korosho mbichi yanaunguza hata ngozi nzima, sembuse kidonda. Huyo mteja hataandika malalamiko mtandaoni. Atasimulia msibani, sokoni na kwenye foleni ya AMCOS, na mji wenyewe huu unaujua ulivyo mdogo.

Baada ya loki, shika ncha ya bapa uitikise kushoto na kulia. Ikicheza kikiwa kipya, baada ya mwezi itacheza zaidi. Angalia kama kimeunganishwa kwa skrubu au kwa pini iliyogongwa moja kwa moja. Cha skrubu mteja anaweza kukikaza mwenyewe, cha pini kikilegea ndiyo basi. Mimi cha pini sikatai, ila nakiuza kwa bei inayojua kwamba kitalegea.

Kuhusu chuma kuna ubishi mwingi na maneno mengi ya kitaalamu ambayo wauzaji tunayakopi tu. Kwa mteja wangu swali ni moja: nyumbani ana jiwe la kunolea au ana sakafu ya saruji? Chuma cha kaboni kinashika kutu lakini kinanoleka kirahisi. Kile kisichoshika kutu kinapendeza muda mrefu, ila vingine vikiwa vigumu sana utanoa mpaka uchoke, na vikiwa laini makali yanaondoka baada ya magunia machache. Na huku kwetu kuna kitu cha ziada: maji ya bibo. Kisu cha kaboni ukikatia bibo ukakiacha bila kukifuta, asubuhi ni cheusi. Si kwamba kimeharibika, ni rangi tu, lakini kama hukumwambia mteja kabla, atakuja na kisu mkononi akisema umemuuzia feki.

Mtu asidhani kisu kizuri cha kukunja lazima kiwe cha mamilioni au kiwe na mapambo. Chukua Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani Afrika, na sisi tulikuwa mojawapo. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wa mbao, bapa la kaboni, na kile chenye loki kina pete ndogo mgongoni unayoivuta ili kukifunga. Au Opinel ya Ufaransa, kisu cha mwaka 1890, mpini wa mbao na bangili ya chuma shingoni ambayo waliiongeza 1955, unaizungusha bapa linakaa. Hakuna kilichofichwa, loki unaiona kwa macho. Visu vya watu wa shamba, na vimedumu zaidi ya miaka 100 sokoni bila moshi wala mawe. Sisemi muagize hivyo, nasema mjue kwamba kilichovibeba ni kufungika vizuri na kunoleka.

Okapi huyohuyo ana somo jingine. Jamaika kisu cha namna hiyo kilipata jina baya kwa sababu wahuni walikipenda. Kisu kilekile cha kukatia miwa! Kwa hiyo mnaoandika "kisu cha kujilinda", "hatari sana", "adui hasogei", mnajitafutia wateja wa namna gani? Mimi mtu akiniuliza kama kinafaa kujilinda namjibu hapana, ni cha kumenyea chungwa. Namkosa yeye, nawapata akina mama. Na mwanafunzi simuuzii hata akija na hela kamili, aje na mzazi. Kijana mmoja aliniambia, "Bro, hela ni hela." Nikamwambia mimi dirisha la duka langu linaangalia shule.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanasema mzigo wa bei ya chini ndio unalipa. Kile cha chini nilikipata 2,500, naweza kukiuza 5,000. Vikiwa 10 faida ni 25,000. Safi. Sasa chukulia vitatu vinarudi, na vitarudi, kwa sababu loki umeiona. Unarudisha 15,000, umebaki na 10,000. Kila kimoja kimepanda gari kutoka Ruangwa kwa 2,000 uliyolipa wewe, hiyo 6,000. Umebaki na 4,000 na visu vitatu visivyouzika. Kile cha kati nilikipata 6,500, nauza 10,000. Vikiwa 10 ni 35,000, hata kimoja kikirudi bado niko mbele sana. Kile cha juu nilikipata 14,000, kilikuwa kizuri kweli, lakini ubora uliozidi pale ulikuwa kwenye rangi na kibanio cha mfukoni, na kibanio chenyewe kwenye kiti cha pikipiki kinachomoka na kisu kinabaki barabarani. Sikukichukua. Watu wa huku wanaweka kisu ndani ya mfuko, au kwenye pindo la kanga.

Mzee mmoja wa Ruangwa aliniandikia, "Mwanangu, mbona kuna mwenzako anauza elfu tano?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Kipo, na ukikitaka nitakuelekeza. Ila ukikipata, kifungue, ugonge mgongo wake kwenye meza kabla hujamlipa." Siku mbili baadaye alimtuma dereva wa Noah na elfu kumi.

Unajua, shuleni tulisoma ule mradi wa karanga, Waingereza walivyoleta matrekta hapa Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, hela nyingi, haraka nyingi, bila kufanya shamba la majaribio la maana kwanza. Kufikia 1951 wameuacha. Mimi huwa nawaza, kama serikali yenye wataalamu inaweza kuleta kitu mahali bila kukijaribu mahali hapo, sisi wenye simu na mtaji wa laki moja ndiyo hatari zaidi. Kariakoo hakuna vumbi letu wala maji ya bibo.

Kwenye tangazo sasa. Picha moja kisu kimefunguliwa kando ya rula, picha moja kimefungwa kando ya kalamu ya Bic. Hiyo peke yake imenipunguzia yale maneno ya "nilidhani ni kikubwa". Video fupi nikigonga mgongo wa bapa kwenye ubao, sekunde kumi, bila muziki. Kisha naandika kisichofaa, na hapa wenzangu mnaogopa bure. Naandika kwamba hakifai kuchinjia wala kupasulia kuku, kwa sababu damu na mafuta vinaingia kwenye kiungo na kuvitoa humo ni kazi, baada ya siku mbili kinanuka. Hakifai kufungulia mikebe, ncha nyembamba inavunjika. Hakifai kukatia miti. Na anayesafiri kwa ndege kuelekea Dar asikiweke kwenye begi la mkononi, watakichukua. Mteja akisoma hayo anajua huyu muuzaji ameshakishika.

Na kufunga mzigo. Kisu kiende kimefungwa, na loki izungushiwe mpira, kisha boksi gumu, kwa sababu kondakta atautupa chini ya kiti. Mimi naweka na kikaratasi: kikiwa na vumbi kisugue kwa mswaki wa zamani, kifute, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo. Yasiwe ya kupikia, yanaganda na kunata, halafu kisu kinakuwa kizito kufunguka. Ukikikatia chakula, futa kwanza. Kama una nafasi, nunua kichupa kikubwa cha hayo mafuta, ugawe kwenye vichupa vidogo vya 500 na uviposti pamoja na kisu. Kwangu karibu kila anayechukua kisu anachukua na kichupa, na mafuta yenyewe hayajawahi kurudishwa.