Mafundi wa Shaba Walikuwepo Kabla ya Jadotville

Kwenye vilima vya Katanga, kusini mwa Kongo, huota mmea mdogo wa jamii ya mrihani, wenye maua ya urujuani, unaojulikana kama ua la shaba. Wataalamu wa mimea huuita Haumaniastrum katangense. Udongo wenye shaba nyingi huua mimea mingi, lakini huu hustawi humo. Wanaakiolojia nao wameufanya kuwa mwongozo wao, kwani ukionekana umejazana mahali pasipo na mwamba wa shaba, huenda chini yake kumefukiwa mavi ya shaba, yaani uchafu ulioachwa na watu waliokuwa wakiyeyusha mawe ya kijani yenye shaba zamani sana. Kule Naviundu, karibu na Lubumbashi, tanuri za kuyeyushia shaba zilikuwa zikiwaka yapata karne ya 4.

Mwulize mwanafunzi wa mji wa Likasi shaba ya kwao ilianza lini. Huenda akataja Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, au viwanda vya Panda na Shituru, au Jean Jadot, Mbelgiji ambaye jina lake lilibandikwa mji huu mwaka 1931 ukaitwa Jadotville, mpaka ulipolirudia jina lake mwaka 1966. Atakuwa amekosea kwa takriban miaka 1,500.

Mwanafunzi huyohuyo akifungua kitabu cha historia ya dunia, huwakuta Wamaya wa Amerika ya Kati. Anasoma kwamba walijua kuandika, walitumia sifuri katika hesabu zao, walifuatilia mwendo wa sayari ya Zuhura na kujenga mahekalu marefu ya mawe huko Tikal na Palenque. Anasoma pia namna miji yao ya kusini ilivyoachwa mmoja baada ya mwingine katika karne ya 9, kwa ukame, vita vya wafalme na ardhi iliyochoka. Jiwe la mwisho lenye tarehe huko Tikal lilichongwa mwaka 869. Hayo yote anastahili kuyajua. Ila hakuna anayemwambia kwamba wakati Tikal inafifia, kando ya Ziwa Kisale, yapata kilomita 300 kaskazini mwa Likasi, jamii nyingine ilikuwa inachanua.

Mahali hapo panaitwa Sanga, katika bonde la Upemba. Mwaka 1957 watafiti Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walianza kuyachimbua makaburi yake, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret akaiendeleza kazi hiyo. Walikuta wafu wamezikwa na vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa, mapambo ya shaba na pembe za ndovu, na kauri zilizotoka Bahari ya Hindi. Wachache walikuwa na shoka za heshima, ambazo mipini yake imepambwa kwa misumari. Makaburi ya watoto ndiyo yanayogusa moyo zaidi. Vyungu vilivyowekwa humo vilipimwa kwa umri wa marehemu, na mtoto mdogo alizikwa na vyungu vidogo vidogo. Mfinyanzi aliyevitengeneza alijua vinakwenda kaburini kwa nani.

Upemba haina mwamba wa shaba. Shaba ilisafirishwa kutoka kusini, kwenye ukanda ambao leo una Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Kuanzia yapata karne ya 14, watu wa Sanga walizikwa na misalaba ya shaba, ile ambayo watu wa Katanga huiita kruazeti. Mwanzoni misalaba hiyo ilikuwa mikubwa na michache. Baadaye ikawa midogo, mingi na ya kipimo kinacholingana, hata watafiti wakaona wazi kwamba ilikuwa imegeuka fedha ya kununulia na kulipia. Nchi iliyoaminiana kwa fedha yake yenyewe haikuwa pori tupu lililomngoja mzungu aje kuligundua.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi, baada ya mavuno. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani juu ya ardhi, na wanaume wakashuka mashimoni na sururu za chuma. Tanuri ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ikajazwa makaa na mawe, kisha mivukuto ya ngozi ikapuliza moto mpaka shaba ikatiririka. Iliyeyushwa tena, ikamiminwa kwenye umbo lililochorwa mchangani. Katika miaka ya 1920 mmisionari Jean-Félix de Hemptinne aliwakusanya wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo, wakairudia mbele yake, na mwaka 1926 akachapisha maelezo yake. Aliwaita walaji shaba, kwa sababu ndiyo iliyowalisha.

Ni nini basi kilichozima tanuri hizo? Katikati ya karne ya 19 alifika Msiri, mfanyabiashara wa asili ya Unyamwezi, akajenga mji mkuu wake Bunkeya, kaskazini mwa Likasi. Alishika njia za shaba, chumvi na pembe, akauza hata binadamu, na wengi waliteseka chini ya mkono wake. Lakini chini yake shaba iliendelea kuyeyushwa, na misafara ya pwani ikasaidia kuileta Katanga lugha hii ya Kiswahili. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na watu wa msafara ulioongozwa na William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet akapita Katanga akiandika juu ya utajiri wake. Watafuta madini waliokuja nyuma yake waliongozwa mara nyingi na mashimo yaliyochimbwa na wenyeji. Makampuni yakachukua mashimo, na fundi akageuzwa kibarua.

Tukirudi kwa Wamaya, wao hawakutoweka. Mamilioni yao wanaishi leo Guatemala na Mexico, na lugha zao wanazisema. Likasi inaelewa vizuri jambo hilo. Gécamines, kampuni ya madini ya taifa, ilipoanguka kutoka zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya tani 50,000 miaka kumi baadaye, mji ulifunga mkanda, watu wakabaki. Kuanguka kwa dola au kampuni si kufa kwa watu wake.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa inayopaswa kuwakosesha usingizi wakazi wa Haut-Katanga. Tikal ilifunikwa na msitu, na msitu ukaitunza. Guatemala ikaifanya hifadhi ya taifa mwaka 1955, na mwaka 1979 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Mashimo ya kale ya Katanga yako juu ya mawe yaleyale yanayotafutwa na dunia nzima leo. Tingatinga likipita asubuhi moja, ushahidi wa karne kumi unapakiwa kwenye lori pamoja na mchanga, na haurudi.

Wapo watakaosema kwamba mwenye njaa hali historia, na kwamba Likasi inahitaji kazi kabla ya makumbusho. Hoja hiyo ina uzito, lakini hakuna anayeomba migodi ifungwe. Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mwenye leseni atoe taarifa kwa serikali anapokuta mabaki ya kale. Kinachohitajika ni sheria hiyo kufuatwa. Mtafiti apewe siku chache za kupima na kupiga picha kabla mashine haijaanza, na kitakachookolewa kipelekwe kwenye makumbusho ya taifa ya Lubumbashi.

Walimu wa Likasi nao wasingoje amri ya Kinshasa. Wawatume wanafunzi kwa wazee wa Kambove na Bunkeya, wakaandike majina ya vilima, ya mashimo na ya koo zilizoyeyusha shaba, wazee hao wakiwa bado hai.