Nani Kasema Umechelewa?

Msomaji wangu, wiki hii nina la kuungama. Nimemwonea aibu baba yangu mzazi, tena mchana kweupe, katikati ya mji wa Moshi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee kastaafu ukarani, karudi migombani kwetu Kibosho, na tangu mama atutoke amekuwa mtu wa kimya. Sisi watoto tukadhani atahamia kilabuni kwenye mbege kama wenzake. Wapi! Siku moja napanda kumsalimia, namkuta kainamia kipande cha hadibodi, makopo ya rangi miguuni, anachora. Miaka 66, na brashi alikuwa hajaishika isipokuwa siku aliyopaka rangi geti. Nikacheka moyoni nikasema, upweke huo, utapita.

Haukupita. Jumamosi moja akashuka na Hiace, picha kaifunga kwenye khanga ya marehemu mama, anataka nimpeleke kwenye duka wanalouzia watalii picha. Haya, twende. Muuzaji, kijana wa rika langu, akampa shikamoo yake na kuipokea kwa mikono miwili. Mlima, migomba, na mama mmoja anachuma kahawa. Mlima umepinda kidogo. Huyo mama mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Jasho likanitoka, nikawahi kusema, "Mzee, achana na haya mambo, umri umekwenda. Uchoraji watu wanaanza utotoni."

Mzee hakunijibu. Akaanza kuifunga tena khanga yake, taratibu.

Aliyenijibu ni muuzaji. Akanyoosha kidole ukutani, kulikojaa twiga, tembo na ndege wa rangi zote. "Mshikaji, hizi zinaitwaje?" Nikamwambia, si tingatinga, nani asiyejua? "Haya, Tingatinga mwenyewe alianza kuchora na miaka mingapi?" Kimya. Mtoto wa mjini nimepatikana.

Basi nikaenda kusoma, na niliyoyakuta ndiyo haya. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 huko Tunduru. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, baadaye akaja Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu. Shule ya sanaa hakuiona hata kwa dirishani. Alianza kuchora 1968, akiwa na miaka 36, umri ambao kijiweni kwetu watu wanaanza kuitana wazee na kulaumu serikali.

Vifaa? Vipande vya hadibodi, vile vya kupigia dari, na rangi za mafuta za makopo, za kupakia baiskeli. Picha zenyewe akaziuza pale Morogoro Stores, Oysterbay, wanakofanya manunuzi Wazungu. Zikanunulika. Ndugu na jamaa wa kwao wakamfuata wajifunze: kina Ajaba, Linda, Mpata na wenzao.

Sasa sikia hili. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayewakimbia. Akafa. Piga hesabu mwenyewe: miaka minne tu. Miaka minne ambayo mimi na wewe tunaimaliza tukingoja mambo yakae sawa. Kumbe ilimtosha. Waliojifunza kwake waliendelea, mwaka 1990 ukaandikishwa ushirika wenye jina lake, na leo ukisema tingatinga, mtalii anajua unasema picha, hakumbuki hata kama lilikuwa jina la mtu.

Wala si yeye peke yake. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa 1934, alikuwa mchonga vinyago. Miaka ya 1970 akapata kazi ya ulinzi pale Nyumba ya Sanaa, Dar, na ni hapo alipoingia kwenye rangi, akiwa anakaribia miaka 40. Mashetani yake yale yenye masikio makubwa na matumbo mbele yameonyeshwa Ulaya na Marekani. Kisukari kilimkata miguu yote miwili, na bado akaendelea na kazi mpaka alipofariki 2005.

Na huko Marekani kulikuwa na bibi mmoja mkulima, Anna Mary Robertson Moses. Alikuwa anadarizi, baridi yabisi ikamshika vidole, sindano ikamshinda. Akaona brashi ni nafuu. Alikuwa na miaka zaidi ya 70! Alikufa 1961 na miaka 101, dunia nzima inamjua.

Linaloniuma ni hili. Ningekuwa jirani yake Tingatinga mwaka ule wa 1968, ningemwambia nini? Najijua. Ningemwambia, mzee, umri umekwenda, tafuta kibarua.

Jumapili nikapanda Kibosho na makopo manne ya rangi. Mzee akayageuza moja moja, akauliza bei, akaguna kama kawaida yake. Nikamwomba radhi. Akanyamaza, kisha akasema, "Ule mkono wa mama yako niliurefusha makusudi. Alikuwa anafikia matawi ya juu, sisi wote tunashindwa."

Jamani! Nilisimama mbele ya picha ya mama yangu mwenyewe nisimtambue, kazi yangu kupima mikono.

Picha haiuzwi, iko sebuleni. Mzee yuko kwenye ya pili. Nawe msomaji uliye na miaka 24 unayelia kijiweni kwamba umechelewa, toka nje utazame mlima. Wataalamu wa miamba wanasema kati ya Shira, Mawenzi na Kibo, mdogo wao ni Kibo. Alizuka wa mwisho. Tazama alipofika.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.