Waliovunjika uti wa mgongo wasife kwa aibu ya choo

KATIKA njia panda ya Katito, mahali ambapo barabara itokayo Ahero hugawanyika, moja ikielekea Sondu na Kisii na nyingine Kendu Bay na Homa Bay, bodaboda, matatu na malori hupishana mchana kutwa. Katika barabara kama hiyo, anayenusurika ajali huenda akarudi nyumbani ameumia uti wa mgongo, asiweze tena kusimama. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba zaidi ya watu milioni 15 ulimwenguni wanaishi na jeraha la namna hiyo.

Majirani wanapomzuru mtu huyo, huuliza habari za miguu. Harambee huitishwa ili anunuliwe kiti cha magurudumu, na hilo ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, liko tatizo lisiloulizwa na yeyote, na ambalo mgonjwa mwenyewe hathubutu kulitaja. Nalo ni haja kubwa.

Ieleweke kwamba uti wa mgongo ndio unaopitisha ujumbe baina ya ubongo na matumbo. Ujumbe huo ukikatika, utumbo mpana huzorota. Mtu hahisi haja inapomjia wala hawezi kuizuia. Kwa kawaida, aliyeumia sehemu za juu hukaza misuli ya njia ya haja bila kutaka, na choo hubaki ndani mpaka kichochewe. Aliyeumia sehemu ya chini kabisa, misuli hiyo hulegea na choo humponyoka. Wote wawili hukabiliwa na choo kigumu, tumbo kujaa na bawasiri.

Fauka ya hayo, kwa aliyeumia usawa wa kifua au juu zaidi, utumbo uliojaa waweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Kichwa humgonga na jasho humtoka. Jamaa asiyejua humpa dawa ya maumivu akangoja kupambazuke, ilhali mgonjwa aweza kupata kiharusi au kufa kabla ya asubuhi. Hali hiyo ni ya dharura, na yapasa kila nyumba yenye mgonjwa wa aina hiyo ijue hivyo.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba aibu huongeza maradhi. Wako wanaojinyima chakula na maji ili wasijichafue mbele za watu, kumbe kwa kufanya hivyo choo huzidi kuwa kigumu. Wengine huacha kwenda kanisani, sokoni na hata matangani.

Lakini dawa yake kubwa ni utaratibu. Mgonjwa hupangiwa saa maalumu, kila siku au siku moja baada ya nyingine, takriban nusu saa baada ya mlo, kwa sababu chakula huamsha utumbo. Hufundishwa, yeye au jamaa yake, namna ya kuchochea au kutoa choo kwa kidole chenye glavu na mafuta, na pale inapobidi hupewa dawa. Maji ya kutosha, mboga kama osuga na kunde, pamoja na mapapai na viazi vitamu vya soko letu, humsaidia. Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakimfai. Fundi wa seremala aweza kumtengenezea kiti chenye tundu, mradi kiwekwe mto, kwani ngozi isiyohisi huchubuka upesi ikawa kidonda.

Hospitali ya taifa inayoshughulikia majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Katito. Si kila mgonjwa atakayefika huko. Kwa hivyo tunazihimiza hospitali zote za eneo la ziwa, ikiwemo ile ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, zisimruhusu mgonjwa wa uti wa mgongo kwenda nyumbani kabla jamaa yake hajafundishwa kazi hii kwa vitendo. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua upya mwaka 2023 wakiwa zaidi ya 100,000, wafunzwe kuuliza habari za choo bila kuona haya. Nayo Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, ihesabu glavu na dawa za choo kuwa sehemu ya matibabu.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima. Heshima hiyo haiwezi kukamilika ikiwa mtu anakaa na njaa kwa kuogopa tumbo lake mwenyewe.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Wagonjwa wetu wameficha vya kutosha. Atakayekwenda kuwajulia hali kesho, baada ya kuuliza habari za miguu, awaulize na za tumbo.