Bandari Imefika Lamu, Nani Atanyoosha Magari?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mnamo Machi 2, 2012, Rais Mwai Kibaki aliandamana na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia kuzindua ujenzi wa bandari mpya ya Lamu na njia kuu za kuiunganisha na nchi hizo mbili. Miaka 9 baadaye, Mei 20, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alifungua rasmi gati la kwanza huko Kililana. Mgeni aliyesubiriwa kwa hamu na hofu amekwisha kupiga hodi, akakaribishwa na kupewa mkeka. Swali linalobaki ni moja: je, mwenyeji amepona?

Kila suala hili linapojadiliwa, mazungumzo huelekea kwenye mambo makubwa. Huzungumzwa winchi za bandari, nafasi za makarani, ufadhili wa masomo kwa vijana na fidia ya wavuvi. Hayo yote ni haki kuyadai. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa jinsi ujenzi wa bandari ulivyoathiri riziki yao, na uamuzi huo ulionyesha wazi kwamba maendeleo yasiyomshirikisha mwenyeji humtia hasara. Hata hivyo, katika kudai makubwa, tumesahau madogo yanayoweza kuanza bila kusubiri hotuba ya kiongozi yeyote. Miongoni mwa madogo hayo ni kazi ya kunyoosha bodi za magari na kuzipaka rangi.

Najua wapo watakaocheka. Watasema Lamu ni mji wa punda, mji ambao vichochoro vyake ni vyembamba hata watu wawili wakipishana hugusana mabega. Hawakosei. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Turathi za Ulimwengu ya UNESCO mwaka 2001, na punda ndiye mchukuzi wake, kiasi kwamba tangu mwaka 1987 mji huo una kituo maalumu cha kuwatibu na kuwatunza wanyama hao. Mahali pa gereji si pale, wala hakuna mwenye busara atakayeshauri sauti ya nyundo na harufu ya thina ziingie katika mitaa ya Mkomani au Langoni.

Lakini Lamu si kisiwa kimoja. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima, na sehemu kubwa yao wanaishi bara: Mokowe, Hindi, Mpeketoni na Witu. Huko ndiko yaliko mashamba, na huko ndiko inakopita barabara ya kwenda Garsen na Malindi. Barabara hiyo ilikuwa mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, hadi ilipotiwa lami. Lami huongeza mwendo wa magari, na mwendo huongeza migongano. Malori, mabasi, matatu, magari ya serikali, tuktuk na pikipiki, vyote hivyo hukwaruzwa, hubonyea na kuvunjika taa. Anayetaka kazi ya kiwango cha juu, mara nyingi hulazimika kulipeleka gari lake Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 200, ama kufululiza hadi Mombasa. Fedha anazolipa huko haziingii mfukoni mwa kijana wa Mokowe.

Zaidi ya ajali, pwani ina adui wa pili ambaye bara ya mbali haimjui sana. Adui huyo ni chumvi. Chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu, na chumvi inayopeperushwa na upepo wa bahari huharakisha kazi hiyo maradufu. Mkwaruzo mdogo unaofikia chuma hugeuka tundu baada ya misimu michache. Fundi asiyejua siri hii huziba tundu kwa puti nzito, akalisugua kwa msasa, akapuliza rangi inayometameta, kisha akapokea ujira wake. Juu rangi, chini kutu. Baada ya miezi kadhaa rangi hufura mfano wa lengelenge, na mteja hamrudii tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipokwangua kutu utanunua bati jipya.

Kwa hiyo anayetaka kuanzisha kazi hii hana budi kuanza na ujuzi kabla ya mashine. Huu ndio mpangilio ambao vijana wengi huupindua. Hutafuta kwanza mkopo, wakanunua kompresa kubwa na mtambo wa kuchomelea, wakaandika jina la karakana kwa herufi nene, kisha ndipo wakatafuta fundi wa kuajiri. Fundi akiondoka, biashara nayo huondoka naye. Mpangilio ulio salama ni kijana kukaa miaka miwili au mitatu chini ya fundi anayejulikana, Malindi au Mombasa, ajifunze kunyoosha bati kwa nyundo na kishikio bila kulitanua, ajifunze kuchomelea bati jembamba bila kulitoboa, na ajifunze kulinganisha rangi mpya na ya zamani ambayo imekwisha kupauka kwa jua. Kisha afanye mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, kuanzia daraja la tatu akipanda, ili mkono wake uwe na cheti cha kuusemea.

Akirudi nyumbani, aanze na kazi asizohitaji mtambo mkubwa kuzifanya. Kunyoosha madigadi, kubadilisha bampa na taa, kukwangua kutu na kuipaka dawa, na kuchomelea fremu za tuktuk na pikipiki ni kazi za seti ya nyundo, mashine moja ya kuchomelea na banda lenye sakafu ya saruji. Umeme upo, kwani tangu laini ya gridi ya taifa ifike Lamu, mji hautegemei tena jenereta za dizeli kama zamani. Chumba maalumu cha kupulizia rangi, chenye feni na vichujio vya vumbi, na kije baadaye kwa faida iliyopatikana. Jambo moja tu lisicheleweshwe, nalo ni kinga ya pumzi. Rangi za kisasa zinazochanganywa na kigumuzi zina kemikali zinazoweza kumletea fundi pumu ya kudumu, na kitambaa kinachofungwa puani hakizuii chochote. Barakoa yenye vichujio vya kemikali ni kifaa cha kazi kama ilivyo nyundo.

Suala la mahali ni zito zaidi. Ardhi ya Lamu ina historia ya uchungu. Mnamo Julai 2014 Rais Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za umiliki wa ekari zipatazo 500,000 katika kaunti hiyo, ardhi iliyokuwa imegawiwa kampuni 22 huku wenyeji wengi wakiishi bila hata karatasi moja ya kuthibitisha makazi yao. Kijana asiye na hati hawezi kuiweka ardhi rehani. Hata hivyo, sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana ya mali inayohamishika imeruhusu vifaa, bidhaa na hata madeni ya wateja kutumiwa kama dhamana. Ni mlango mwembamba, lakini ni mlango. Nayo serikali ya kaunti ingefanya jambo la maana kuliko ahadi nyingi endapo ingetenga eneo moja baina ya Mokowe na Hindi kwa ajili ya mafundi wa jua kali, likapimwa, likapewa maji, choo na umeme. Waraka wa serikali wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogo na jua kali ulitambua kwamba mafundi huhitaji maeneo yaliyotengwa. Zaidi ya miaka 30 imepita, na bado fundi anafukuzwa kando ya barabara kila inapopanuliwa.

Eneo hilo lingesaidia pia kuilinda bahari. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika Kaunti ya Lamu, na katika mizizi yake ndimo samaki na kamba wanamozaliana. Mabaki ya thina, rangi na mafuta yakimwagwa mchangani hufuata mvua hadi kwenye mikoko. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inamtaka mwenye karakana asitupe taka hizo ovyo, lakini fundi mmoja maskini hawezi kuchimba shimo salama wala kukodi gari la kuzichukua. Mafundi 20 walio mahali pamoja wanaweza. Itakuwa fedheha iwapo watu waliokwenda mahakamani kuitetea bahari dhidi ya bandari wataichafua wenyewe kwa makopo ya rangi.

Na wateja je? Hapa yafaa tuwe wakweli. Sheria ya Kenya humlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine anaowadhuru, lakini bima hiyo hailipii bodi ya gari lake mwenyewe. Wenye magari wengi hawana zaidi ya hiyo, hivyo watalipa kutoka mfukoni, kidogo kidogo, na kwa kujadiliana. Fundi anayeweka hesabu kwa ahadi ya bima kubwa atangoja sana. Magari ya serikali ni soko jingine. Tangu mwaka 2013 pana mpango wa kutenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini zabuni haipewi mtu asiyesajili biashara, asiye na nambari ya kodi wala leseni ya kaunti. Karatasi hizo si usumbufu wa bure, kwani bila hizo fundi hodari atabaki kuwa kibarua wa mwenye karatasi.

Wengine watauliza kama si mapema mno. Watakumbusha kwamba meli zinazotia nanga Kililana si nyingi kama ilivyotarajiwa, na kwamba mashambulizi, kuanzia yale ya Mpeketoni ya Juni 2014, yameitia hofu barabara yenyewe. Hoja hiyo ni nzito, na mimi naitumia kuunga mkono rai yangu badala ya kuipinga. Karakana isijengwe kwa matumaini ya malori elfu yatakayokuja kutoka Ethiopia. Ijengwe kwa ajili ya matatu, pikapu na pikipiki zilizopo leo. Malori yakija, yatamkuta fundi yupo. Yasipokuja, fundi hatakufa njaa.

Lamu ina mtaji ambao kaunti nyingi hazina, nao ni heshima ya mkono wa fundi. Huko Matondoni, watoto hukua wakisikia shoka na randa. Fundi wa jahazi hulaza mkuku, akasimamisha mataruma kwa macho yake bila mchoro wa karatasi, akapigilia mbao, akakalafati kwa pamba na kupaka deheni ili maji yasipenye. Mababu wa visiwa hivi waliunda mitepe iliyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, vyombo ambavyo kushonwa upya kulikuwa sehemu ya maisha yao. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki na ndara zilizookotwa fukweni, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Mkono uliojifunza kuiunda plastiki kwa maarifa ya mbao hautashindwa na bati. Anayejua kwamba jahazi hutengenezwa kuanzia mkuku, ataelewa upesi kwamba gari nalo hunyooshwa kuanzia fremu, na kwamba rangi ni jambo la mwisho.

Hapa ndipo walimu na wanafunzi wanapoingia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 uliahidi kumpa mtoto ujuzi wa mikono, lakini shule nyingi hazikuwa na karakana, na masomo ya ufundi yakageuka kuwa maelezo ya kukariri hadi yakapunguzwa. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 umerudia ahadi ile ile kwa maneno mapya. Utafuata njia ile ile iwapo mwalimu ataendelea kumtisha mwanafunzi mvivu kwa kumwambia kwamba ataishia gereji. Mwanafunzi anayesoma kemia ya kutu, fizikia ya mgandamizo wa hewa na hesabu za biashara anasoma kazi ya bodi bila kuambiwa. Na aambiwe. Apelekwe Matondoni kumwona fundi wa jahazi, kisha Hindi kumwona fundi wa kuchomelea, aone kwamba elimu aliyonayo ina mahali pa kutumika kabla hajapanda basi la Mombasa.

Mgeni hamponyi mwenyeji aliyelala. Humponya aliyeamka mapema, akafagia ua, akawasha jiko na kujua ana nini cha kuuza. Vijana wa Lamu wamefundishwa kudai nafasi za kazi bandarini, na waendelee kuzidai. Lakini nyundo haihitaji barua ya uteuzi. Anayeishika leo, akajifunza kwa saburi na kufanya kazi kwa uaminifu, kesho atakuwa na kijana mwingine wa kumfundisha, na hivyo ndivyo Matondoni ilivyopata mafundi wake.