Si Kila Tumbo Lililojaa Lina Vidonda

Katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuanzia Majengo ya Pumwani hadi Islii, Buruburu na Kayole, mtu akivimbiwa kwa majuma mengi huambiwa upesi kuwa ana vidonda vya tumbo. Mtoto hutumwa duka la dawa, tembe za kutuliza asidi hununuliwa, mwezi hupita, na nafuu haiji. Sababu yake ni nini?

Huenda tumbo halina kidonda, ila limekuwa zito kumwaga chakula. Kazi yake ni kukisaga chakula, kisha kukisukuma kidogo kidogo kuingia utumbo mwembamba. Maji hupita upesi. Nyama na vyakula vya mafuta hukawia. Mlo mwepesi huwa umeondoka karibu wote baada ya saa 4. Ikisalia zaidi ya sehemu moja ya kumi, madaktari huhesabu kuwa tumbo limechelewa. Mwenye hali hiyo hushiba kwa matonge machache, huona kichefuchefu, na pengine hutapika chakula alichokula saa nyingi zilizopita. Dawa ya asidi haisukumi chakula.

Hatusemi kuwa wote wanaovimbiwa wamo katika hali hii. Ni baadhi tu. Wengine wana bakteria wa tumbo waliogunduliwa mwaka 1982 na Barry Marshall na Robin Warren huko Australia, ambao hupimwa kwa choo na kutibiwa kwa antibiotiki.

Tunaowahofia zaidi ni wazee wetu wenye kisukari. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu inayoongoza misuli ya tumbo. Mgonjwa hujidunga insulini na kula, lakini chakula hubaki tumboni, na sukari ikashuka ghafla. Baadaye chakula kikifika utumboni, sukari hupanda. Jamaa hudhani amevunja masharti, akalaumiwa bure.

Basi mwenye kisukari anayeshiba upesi amweleze daktari jambo hilo waziwazi, na amwonyeshe dawa zote anazotumia, kwani baadhi ya dawa za maumivu makali hulichelewesha tumbo. Nyumbani, apewe chakula kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku: uji, supu isiyo na mafuta mengi, mboga zilizoiva sana. Atafune vyema, wala asilale mara tu baada ya kula. Futari ya bajia, viazi karai na mahamri kwa mkupuo mmoja haimfai. Na kabla ya Ramadhani ashauriane na daktari juu ya kufunga na kipimo cha insulini.

Anayekonda bila sababu au anayekwamwa na chakula kooni asikawie kumwona daktari. Anayetapika damu, au anayepata choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.