Mashini Imeandika, Wewe Umejifunza Nini?

Kuna jambo moja linalotusumbua moyo, na leo tunataka kulisema wazi, hata kama wengine watakasirika. Vijana wetu wa Shabunda wanaokwenda Bukavu kusoma katika vyuo vikuu, wakirudi likizo wanatuambia: "Anayeandika kwa biki katika kaye ni mtu wa zamani. Sisi tunaandika katika laptopu." Wazazi wakisikia hivyo, wanauza mpunga, wanauza mafuta ya mawese, wanauza hata mbuzi wa mwisho, ili mtoto asionekane mshamba mbele ya wenzake.

Sisi hatuichukii mashini. Ni chombo chema kama jembe lilivyo chombo chema. Lakini jembe halilimi peke yake, na laptopu haisomi kwa niaba ya mtu.

Tulimwuliza kijana mmoja wa huku kwetu juu ya masomo yake. Akafungua mashini kwa furaha, akatuonyesha kurasa karibu themanini za somo moja, safi, zenye vichwa vya rangi. Tukamwambia: "Vizuri, mwanangu. Sasa ifunge, utueleze kwa maneno matatu profesa alifundisha nini." Akafungua mdomo, akanyamaza. Halafu akasema: "Lakini kila kitu kimo humu ndani." Ndiyo, kimo. Lakini ndani ya nani? Mwenye kufanya mtihani ni yeye, au ni mashini?

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Vidole vikizoea mashini, vinakimbia sana. Profesa anasema, vidole vinafuata, neno kwa neno, na kichwa kinapumzika. Mwenye biki hawezi kukimbia hivyo. Mkono wake ni mzito, kwa hiyo analazimika kuchagua: neno hili nishike, lile niache, haya matatu niyafupishe kuwa moja. Na kuchagua ndiyo kazi ya akili. Huwezi kufupisha jambo usilolielewa.

Tena kumbuka kwamba mwanafunzi wetu anafundishwa kwa Kifaransa. Nyumbani alinyonya Kilega, sokoni alijifunza Kiswahili, na Kifaransa alikikuta darasani. Anaweza kunakili kurasa kumi za Kifaransa bila kosa hata moja la herufi, asijue zinasema nini.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, wa Marekani, walitangaza majaribio waliyoyafanya na wanafunzi wa vyuo vikuu. Wenye laptopu waliandika maneno mengi zaidi, na mengi yalikuwa yale yale ya mwalimu. Lakini walipoulizwa maswali ya kutaka kuelewa, si ya kukumbuka tarehe na majina tu, wenye kalamu waliwashinda. Hata wale wa laptopu walioonywa wasinakili neno kwa neno waliendelea kunakili.

Lakini tusiwe watu wa kusema nusu ya kweli. Mwaka 2019 wataalamu wengine, nao wa Marekani, walirudia uchunguzi huo, na tofauti waliyoiona ilikuwa ndogo, isiyo wazi. Basi anayesema kwamba kalamu peke yake inaleta akili, naye anadanganya. Mvivu ni mvivu hata mkononi mwake kukiwa na biki ya dhahabu. Hatugombani na chombo. Tunagombana na ile desturi ya kuandika yote na kuelewa hakuna.

Je, Walega wanahitaji kuvuka bahari ili kufundishwa neno hili? Wazee wetu walikuwa na kamba iitwayo mutanga. Juu yake walitundika vitu vidogo vidogo, kama vile unyoya, ganda au kijiti, na kila kitu kilikuwa alama ya methali. Kijana alishika kitu, na ilimpasa kuitoa methali yake kinywani mwake, na kueleza maana yake mbele ya wazee. Angalieni sana jambo hili: kamba haikubeba maneno yote. Ilibeba alama tu. Maneno yenyewe yalikaa kichwani mwa mtu, na kila siku alama iliyaita yatoke. Hayo ndiyo maandishi mazuri ya mwanafunzi! Alama fupi, na akili inayofanya kazi.

Tunafika sasa kwa kosa la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza: kurudia masomo. Wanafunzi wengi, wenye mashini na wenye kaye, hurudia kwa kusoma tena na tena maandishi yao, mpaka macho yazoee. Kisha wanasema: "Nimeshika." Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi wazisome. Kundi moja lilisoma mara ya pili. Kundi lingine lilifunika karatasi, likaandika lililoyakumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikumbuka sehemu 81 katika 100, na wenzao 75. Lakini baada ya juma moja, waliosoma tena walibakiwa na 42, na waliojiuliza walikuwa na 56. Basi, kusoma tena kunamfaa mwenye mtihani jioni hii. Mwenye kutaka kujua mpaka juma lijalo, na afunge maandishi yake ajiulize, kama mzee alivyomwuliza kijana mbele ya mutanga.

Wengine watatujibu: "Kaye inalowa mvua, kaye inapotea." Ni kweli. Lakini mashini nayo inaibiwa, inaanguka, inashikwa na virusi, na masomo ya mwaka mzima yanakwenda kwa siku moja. Tena huku Shabunda nyaya za umeme wa Ruzizi hazifiki. Mwanafunzi akija likizo na laptopu bila bamba la jua, amekuja na sanduku lililofungwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi hata daftari lenyewe linapotea, kwa sababu moto umezimika.

Na tuseme kweli, kosa si la vijana peke yao. Mwalimu anayesimama na kusoma silabusi yake neno kwa neno, na katika mtihani akataka arudishiwe maneno yale yale, ndiye aliyewafanya wanafunzi kuwa mashini kabla hawajanunua mashini. Hata sisi tunaofundisha dini tumo katika kosa hilo. Mara ngapi tumefurahi kusikia watoto wakikariri majibu kwa sauti moja, tusiwaulize maana yake? Atakaye kuwalaumu wengine na aanze kwake.

Basi, vijana wetu, shaurini hivi. Darasani shikeni biki, au kama mna laptopu, andikeni machache, kwa maneno yenu. Pembeni andikeni maana kwa Kiswahili au kwa Kilega. Jambo mnaloweza kulieleza kwa lugha ya mama zenu, hilo mmelielewa. Jioni fungeni yote, mjiulizane wawili wawili. Halafu, ndipo moto ukiwapo, mashini ipangie safi yale mliyokwisha kuyaelewa, na nakala moja ikae mahali pengine.

Nanyi wazazi, mtoto akiomba laptopu katika mwaka wa kwanza, msikimbilie kumfunga mbuzi kamba mumpeleke sokoni. Mwambieni kwanza afunge kaye yake, akae nanyi motoni, awaeleze amejifunza nini. Akiweza kuwaeleza ninyi msiosoma chuo, mkaelewa, basi uzeni mbuzi kwa moyo mweupe; mashini itapata bwana wa kuitumia. Asipoweza, mbuzi na abaki nyumbani, maana mbuzi walau atazaa.